Nusukipenyo na kipenyo: kamba ya fundi na mkanda wa mpimaji katika bonde la Kilombero

Miongoni mwa istilahi, yaani maneno maalumu ya taaluma, ambazo mwanafunzi wa shule ya msingi nchini Tanzania hukutana nazo katika somo la hisabati, ni chache zinazojieleza zenyewe kama neno nusukipenyo. Neno kipenyo limetokana na kitenzi kupenya, yaani kuingia upande mmoja wa kitu na kutokea upande wa pili, na kwa hiyo mstari ulionyooka unaoanzia kwenye ukingo wa duara, ukapita katikati yake barabara na kuishia kwenye ukingo wa upande wa pili, umepewa jina la kitendo chake. Nusukipenyo ni nusu ya mstari huo, kuanzia katikati hadi ukingoni. Mtoto wa Malinyi, Mtimbira au Ngoheranga, katika bonde la Kilombero, anayeijua lugha yake amekwisha kuambiwa kanuni nzima kabla ya mwalimu kushika chaki: kipenyo ni nusukipenyo mara mbili, na nusukipenyo ni kipenyo kilichogawanywa kwa mbili.

Si lugha zote zilizo na bahati hiyo. Euclid, mwanahisabati aliyeandika kwa Kigiriki yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, alikuwa na neno moja la kipenyo, lenye maana ya kipimo kinachopita kati kwa kati, lakini nusu yake hakuipa jina la peke yake, bali aliiita tu mstari utokao katikati. Wataalamu wa Ulaya walianza kuizoea istilahi ya Kilatini kwa ajili ya mstari huo katika karne ya 16, nayo ilikuwa na maana ya mti wa gurudumu au mwali wa mwanga, maana ambayo haimdokezei mwanafunzi chochote kuhusu nusu wala mara mbili. Waarabu walifuata njia nyingine: kipenyo wakakiita qutr, na mstari wa kutoka katikati wakauita nisf al-qutr, yaani nusu ya kipenyo. Kiswahili, ambacho neno lake nusu lina asili ya Kiarabu, kimesimama upande huo wa Waarabu, na kwa mwalimu wa shule ya msingi huo ni urithi wenye thamani kubwa.

Hata hivyo jina hilo zuri lina gharama yake, na gharama hiyo haisemwi vya kutosha. Neno nusukipenyo humfanya mtoto aamini kwamba kipenyo ndicho kilichotangulia kuwapo na kwamba nusu ilikatwa baadaye kutoka humo, kama kipande cha muwa kinavyokatwa kutoka kwenye muwa mzima, ilhali mtu anayechora duara huanza na nusukipenyo, na kipenyo humjia baadaye bila kukitafuta. Mwanafunzi aliyefundishwa uhusiano wa vipimo hivi kama zoezi la kuzidisha na kugawanya kwa mbili hupata alama zake darasani, lakini akipewa kamba na kigingi uwanjani hukwama, kwa sababu hajaelezwa ni nani anayehitaji kipimo kipi, na kwa kazi gani.

Maana ya duara yenyewe inaonyesha jambo hilo waziwazi. Duara ni umbo linalofanywa na nukta zote zilizo katika umbali mmoja kutoka kwenye nukta moja iliyo katikati, na nukta hiyo ya katikati huitwa kitovu, neno lile lile litajalo kitovu cha tumbo la mwanadamu. Katika maana hiyo kipenyo hakikutajwa hata kidogo; kilichotajwa ni kitovu na umbali mmoja usiobadilika, na umbali huo ndio nusukipenyo. Waswahili waliokuwa wakisema kwamba mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake walikuwa wakizungumzia mipaka ya riziki na madaraka, lakini msemo wao ni maelezo kamili ya duara: kigingi ni kitovu, kamba ni nusukipenyo, na mpaka wa majani yaliyoliwa ni mzingo, yaani mstari wa pembeni unaolizunguka duara lote. Mbuzi aliyefungwa kwa kamba inayomfikisha mita 3 kutoka kwenye kigingi anaweza kula jani lililoko mita 3 upande wa mashariki na jingine lililoko mita 3 upande wa magharibi, na majani hayo mawili yameachana kwa mita 6. Mita 6 hizo ndizo kipenyo, na hakuna aliyeipima kamba ya mita 6 mahali popote.

Fundi anayejenga kihenge cha kuhifadhia mpunga, ghala la mviringo ambalo wakulima wa Tanzania wamelijua tangu zamani, hutumia njia hiyo hiyo ya mbuzi. Hupigilia kigingi ardhini, hufunga kamba kwenye kigingi kwa kitanzi kilicholegea ili kamba isijiviringishe na kufupika, hufunga kijiti chenye ncha kwenye mwisho wa pili, kisha huivuta kamba ikakaza na kuzunguka mzunguko mmoja huku kijiti kikichora udongo. Mwenye nyumba hataji urefu wa kamba. Hutaja upana wa kihenge anachokitaka, kwa sababu upana ndio anaouona na ndio unaopaswa kutosha katika uwanja wake. Akitaka kihenge chenye upana wa mita 3, fundi aliyeelewa somo hufunga kamba ya mita 1.5. Fundi asiyeelewa hufunga kamba ya mita 3, na duara linalotokea huwa na upana wa mita 6, ambalo halikukosewa kwa mara mbili tu, kwa kuwa eneo lake la chini ni mara nne ya lile lililokusudiwa. Miti, fito, udongo na siku za kazi navyo hupanda, na kosa lote limetokana na neno moja kuchukuliwa mahali pa jingine.

Kwa hiyo mwenye kazi husema kwa kipenyo na mtengenezaji hufanya kwa nusukipenyo. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha somo, nayo hujitokeza kila mahali ambapo duara limetumika. Bikari, kile kifaa cha miguu miwili kilichomo katika mkebe wa vifaa vya hisabati, ni kigingi na kamba vilivyofanywa vya chuma: mguu wenye ncha ya sindano ni kigingi, na mwachano wa miguu hiyo miwili ni kamba. Mwanafunzi anayeambiwa achore duara lenye kipenyo cha sentimita 8 anapaswa kuipanua bikari yake kwenye rula hadi sentimita 4, na mwalimu akipita kati ya madawati anaweza kumtambua asiyeelewa kabla duara halijachorwa, kwa kutazama tu upana wa bikari iliyolala juu ya rula.

Mfano unaopendwa zaidi madarasani ni gurudumu la baiskeli, na katika bonde la Kilombero, ambako baiskeli hubeba magunia ya mpunga, kuni, samaki na wagonjwa, hakuna mtoto asiyelijua. Mfano huo hata hivyo hutumiwa vibaya mara nyingi. Wanafunzi huambiwa kwamba kila spoku, yaani kila waya unaoshikilia ukingo wa gurudumu, ni nusukipenyo, na wakitumwa kuupima waya huo hupata jibu lisilolingana na kipimo cha gurudumu. Sababu ni kwamba spoku za baiskeli ya kawaida hazianzii kwenye nukta ya katikati. Zimefungwa kwenye sahani ndogo za habu, yaani sehemu ya katikati ya gurudumu, na kila spoku hutoka kwa kuegemea upande na kupishana na nyingine njiani kabla ya kufika kwenye ringi, na ni mwegemeo huo unaoliwezesha gurudumu kupokea nguvu ya mnyororo pale mwendeshaji anapokanyaga pedeli. Nusukipenyo cha gurudumu ni umbali kutoka katikati ya ekseli hadi ukingo wa nje wa tairi, na njia nyepesi ya kukipata ni kusimamisha baiskeli na kupima urefu kutoka ardhini hadi katikati ya ekseli. Tairi la baiskeli kubwa iliyozoeleka vijijini huuzwa kwa jina la namba 28, na namba hiyo ni kipenyo kwa inchi, yaani sentimita 71 hivi; ekseli basi husimama inchi 14 juu ya ardhi, na gurudumu likizunguka mara moja baiskeli husogea inchi 28 mara pai (22/7, uwiano unaoelezwa hapa chini), yaani inchi 88, au mita 2 na robo hivi. Watengeneza baiskeli wanaouza tairi hawana haja ya nusukipenyo, na ndiyo maana hawakiandiki.

Upo upande wa pili wa jambo hili, ambao ni wa wale wasioweza kukifikia kitovu. Katika wilaya za Kilombero na Ulanga yapo mashamba makubwa ya mitiki, miti ya mbao ngumu inayoitwa pia misaji, ambayo kampuni ya Kilombero Valley Teak Company, iliyoanzishwa mwaka 1992, imekuwa ikiipanda na kuivuna. Mtaalamu wa misitu anayetaka kujua unene wa mti uliosimama hawezi kupigilia kigingi katikati ya shina, na hata rula haimsaidii, kwa sababu kipenyo kimefichwa ndani ya mbao. Anachoweza kukifikia kwa urahisi ni mzingo, kwa hiyo huzungusha mkanda kulizunguka shina katika kimo cha kifua, ambacho katika taaluma ya misitu kimewekwa kuwa mita 1.3 kutoka ardhini, kisha hugawanya urefu alioupata kwa pai. Pai ni uwiano kati ya mzingo wa duara lolote na kipenyo chake, nao ni 3.14 hivi, au 22/7 kwa hesabu za shuleni. Shina lenye mzingo wa sentimita 110 lina kipenyo cha sentimita 35, na kwa hiyo nusukipenyo cha sentimita 17.5. Ipo mikanda iliyotengenezwa kwa kazi hiyo pekee, ambayo kila sentimita 3.14 za urefu wake zimeandikwa kuwa sentimita 1, hivyo mpimaji huzungusha mkanda na kusoma kipenyo moja kwa moja bila kugawanya chochote. Ni kifaa ambacho mwanafunzi yeyote anaweza kukitengeneza kwa ukanda wa karatasi, rula na kalamu, na mwalimu atakayewapa wanafunzi wake kazi hiyo atakuwa amewafundisha pai kwa mikono yao.

Shina la mti, bila shaka, si duara kamilifu, kwa hiyo mpimaji mwangalifu anayetumia kifaa cha taya mbili kinachobana shina hupima mara mbili, kwa pande zinazokutana kama herufi L, kisha hutafuta wastani. Jambo la kuzingatia ni kwamba miongozo ya uvunaji wa misitu nchini Tanzania huweka kiwango cha chini cha ukubwa wa mti unaoruhusiwa kukatwa kwa kutaja kipenyo, na sababu ni ile ile: sheria haiwezi kudai kipimo ambacho hakuna mtu anayeweza kukipima bila kuuangusha mti kwanza. Wauza mabomba nao huuza bomba la inchi 1 au la inchi 2, na wajenzi wa barabara inayotoka Ifakara kupitia Lupiro kwenda Malinyi, ambao hulazimika kupitisha maji ya masika chini ya tuta, hulitaja kalavati kwa kipenyo chake cha ndani. Vitu vilivyokwisha kutengenezwa huelezwa kwa kipenyo. Vitu vinavyotengenezwa huanza na nusukipenyo. Mwanafunzi akiishika tofauti hiyo hahitaji kukariri lolote jingine kuhusu mara mbili na nusu.

Wakati mwingine mtu hukuta duara lililokwisha kuchorwa na kitovu chake hakijulikani, na hapo uhusiano wa vipimo hivi viwili huonekana kwa uzuri usiohitaji maneno mengi. Mwanafunzi huweka sufuria juu ya karatasi, huchora kwa kuizungusha penseli pembeni mwa tako lake, hukata duara hilo kwa mkasi, kisha hulikunja ili kingo zilingane kabisa. Mkunjo unaobaki ni kipenyo, kwa sababu umeligawa duara katika sehemu mbili zilizo sawa. Akilikunjua na kulikunja tena kwa upande tofauti hupata kipenyo cha pili, na mahali ambapo mikunjo miwili inakutana ndipo kitovu kilipo. Kila mkunjo umekatwa na mwenzake katikati barabara, na vile vipande vinne vinavyotoka kitovuni kwenda ukingoni, vikipimwa kwa rula, vyote huwa na urefu mmoja. Mtoto aliyeliona hilo kwenye karatasi yake mwenyewe ameona pia kwamba duara lina vipenyo visivyohesabika, ambavyo vyote ni sawa kwa urefu, na kwamba mstari wowote unaounganisha nukta mbili za ukingo bila kupita kitovuni lazima uwe mfupi kuliko kipenyo. Kazi hiyo haigharimu chochote zaidi ya karatasi, na inashangaza kwamba katika madarasa mengi nafasi yake huchukuliwa na mchoro mmoja ubaoni ambao wanafunzi huunakili na kuusahau.

Madhara ya kuchanganya vipimo hivi huongezeka pale kanuni za mzingo na eneo zinapoingia. Mzingo hupatikana kwa kuzidisha 2, pai na nusukipenyo, na ile 2 iliyomo humo, ambayo wanafunzi wengi huiandika bila kujua imetoka wapi, si kitu kingine bali ni uhusiano wenyewe unaozungumzwa: 2 mara nusukipenyo ni kipenyo, na pai mara kipenyo ni mzingo. Eneo, yaani ukubwa wa nafasi iliyomo ndani ya duara, hupatikana kwa kuzidisha pai kwa nusukipenyo na tena kwa nusukipenyo. Anayeweka kipenyo mahali pa nusukipenyo katika kanuni ya mzingo hupata jibu lililozidi mara mbili; akifanya hivyo katika kanuni ya eneo hupata jibu lililozidi mara nne, kwa sababu kosa lake limezidishwa kwa lenyewe. Kisima kilichochimbwa kwa mkono na kujengewa pete za zege zenye kipenyo cha ndani cha mita 1.4 kina nusukipenyo cha mita 0.7 na eneo la mita za mraba 1.54. Kikiwa na maji ya kina cha mita 2, kina mita za ujazo 3.08, ambazo ni lita 3,080. Mhudumu anayetaka kukitia kisima hicho dawa ya klorini baada ya mafuriko, akiwa amesahau kugawanya kipenyo kwa mbili, atahesabu lita 12,320 na kumimina dawa mara nne ya inayohitajika, na wanakijiji watayakataa maji hayo kwa harufu yake na kurudi mtoni, ambako ndiko ugonjwa unakotoka.

Mpangilio wa huduma za umma nao umejengwa juu ya nusukipenyo, ingawa neno hilo halitajwi. Sera ya Maji ya Taifa ya mwaka 2002 iliweka lengo kwamba mwananchi wa kijijini apate maji safi katika umbali usiozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake, na kwamba kituo kimoja cha kuchotea maji kihudumie watu 250. Mita 400 hizo ni kamba, na kituo cha maji ni kigingi. Duara la huduma basi lina kipenyo cha mita 800, na nyumba mbili zilizo kwenye kingo mbili zinazoelekeana zinaweza kuachana kwa mita 800 huku kila moja ikiwa ndani ya lengo la sera. Eneo la duara hilo ni hekta 50 na kidogo. Afisa ambaye angeichukua mita 400 kuwa kipenyo angepata hekta 12 na nusu hivi, na angeomba vituo vinne mahali panapohitaji kimoja, au angekitangaza kijiji kuwa kimenyimwa maji wakati hakikunyimwa. Inafaa kuongezwa kwamba duara la kwenye ramani haliijui njia ya miguu. Katika bonde la mafuriko la Kilombero, lililoingizwa mwaka 2002 katika orodha ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar, mstari wa mita 400 unaweza kukatwa na kinamasi au mkondo wa maji, na mama mwenye ndoo kichwani akalazimika kutembea mara mbili ya umbali huo. Nusukipenyo hupimwa kwa mstari ulionyooka, na wapangaji wa huduma wanapaswa kulikumbuka sharti hilo kila wanapoyatazama maduara yao.

Katika Tanzania Bara, Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma tangu mwaka 1967, ilhali elimu ya sekondari hutolewa kwa Kiingereza. Mwanafunzi wa Malinyi anayevuka kutoka ngazi moja kwenda nyingine huyaacha majina mawili yaliyokuwa yakieleza uhusiano wao waziwazi, na hupewa mawili ya kigeni ambayo hayafanani kwa sauti wala kwa maana, moja la Kilatini na jingine la Kigiriki. Kama alilolijua ni jina tu, uhusiano humponyoka siku hiyo hiyo, naye huanza kubahatisha ni kipi kikubwa na ni kipi kidogo. Kama alifunga kamba kwenye kigingi akachora duara uwanjani, akakunja karatasi na kuupima mti kwa mkanda, majina mapya hayatamsumbua, kwa kuwa anakijua kitu chenyewe na kinachobadilika ni namna ya kukiita. Walimu wa shule za msingi wa Malinyi, Ulanga na Kilombero, ambao wana vumbi la uwanja, kamba za katani na baiskeli mlangoni mwa kila darasa, wanaombwa walitoe somo hili nje ya ubao japo kwa kipindi kimoja, na wazazi wanaombwa kumpa mtoto sufuria, karatasi na mkasi jioni moja wiki hii, kisha kumwuliza kitovu kiko wapi.